Tundu Nyuma ya Kiti cha Dereva

Dereva aliichukia theluji. Naanza hapo kwa sababu wageni waliomwona kupitia kioo, ameketi juu ya trekta ndogo ya bustani akisukuma vilima vyeupe, walidhani ni mtu aliyepewa mchezo akalipwa mshahara. Walimpungia mkono. Yeye hakupunga.

"Dada wa stoo," aliniambia siku moja akivua mabuti, "huu ni uchafu. Ni vile tu ni mweupe. Uchafu ukiwa mweupe watu wanalipa kiingilio."

Ukumbi wetu uko ndani ya jengo la maduka hapa Doha. Nje, miezi ya joto, usukani wa gari unaunguza viganja na kandambili zinanata kwenye lami. Ndani, mashine zinatema theluji ili watoto wa watu waje kuteleza na kulia. Kazi yangu ni kaunta ya makoti. Mgeni anakuja na fulana, namvisha jaketi, glavu na mabuti, akitoka ananirudishia. Zamani niliuza makoti ya mitumba sokoni Gikomba, mahali ambapo usipohesabu mara mbili unahesabiwa wewe. Tabia hiyo nilipanda nayo ndege. Glavu nazihesabu zikitoka, nazihesabu zikirudi, halafu naanza upya, maana glavu moja haimfai mtu yeyote duniani isipokuwa msimamizi anayetafuta kosa.

Dereva aliingia wageni wakishatoka kwenye theluji, wengine wakibaki kumtazama kupitia kioo. Alikwangua theluji iliyokanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, akaisukuma hadi kwenye shimo la kuyeyushia, akafungua njia, kisha akatandaza mpya chini ya mteremko. Trekta yake ilikuwa ya betri, kwa kuwa ya petroli ingetujaza moshi. Ilinunuliwa kuukuu kutoka hoteli moja ya West Bay ilikokuwa ikikata nyasi. Haikuwa na paa wala mlango, na kiti chake kilikuwa kama sahani ya chuma. Mtu aliyeibuni hakuwahi kufikiria kwamba siku moja itafanya kazi mahali ambapo pumzi ya dereva inaganda kwenye masharubu.

Alikuwa mtu wa Kinangop, na hilo lilikuwa jibu lake kwa maswali yote.

"Mzee, hii baridi haikumalizi?"

"Mimi ni wa Kinangop."

"Mzee, chai yako imepoa."

"Mimi ni wa Kinangop."

Kwao, alisema, umande unaganda juu ya kabeji na ng'ombe anatoa mvuke kama sufuria. Aliyezaliwa huko hafundishwi baridi na mashine iliyochomekwa kwenye umeme. Alisema hivyo huku mikono ameibana kwapani.

Alikuwa na misemo yake, ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine na nashuku aliitunga akiwa peke yake kule ndani. "Baridi haina haraka." "Mashine haina adabu, ina mazoea." Na mmoja ambao aliurudia sana kwa Mganda, kijana aliyeshika trekta siku za mapumziko ya Dereva: "Joto likianza kukubembeleza, amka."

Mganda huyo alilala naye chumba kimoja kule Industrial Area, mtaa wa mabweni na karakana, na ndiye aliyeniletea habari za dirisha. Chumba chao kilikuwa na kiyoyozi kimoja kilichokohoa. Wenzake wote walitaka dirisha lifungwe ili ubaridi usitoroke. Dereva alilifungua, kiasi cha kiganja kimoja. Wakilifunga, analifungua. Hata siku ya vumbi, mchanga ukiingia mpaka kwenye wali, dirisha liko wazi kiasi cha kiganja.

"Ye huyu mzee wako atatuzika na mchanga," Mganda alilalamika. "Tukimwuliza, ati kwao watu walilala na jiko ndani, asubuhi wakapatikana wote wamelala vizuri sana. Sasa nikamwambia, mzee, hapa jiko liko wapi? Hapa kuna Mpakistani, Mnepali na miguu yao. Akasema, jiko halipigi hodi."

Hakueleza zaidi ya hapo ni watu gani wale waliopatikana. Nilimwuliza mara moja tukitoka kanisani Mesaimeer, Ijumaa, ambayo ndiyo Jumapili ya huku, akaniambia angalia gari lile linarudi nyuma. Hakukuwa na gari.

Kanisani aliwahi kuliko mzee wa kanisa, akakaa karibu na mlango, na hakuimba. Alisimama kama mti wa umeme watu wakipiga makofi kila upande. Lakini akiwa juu ya trekta aliimba. Nilimsikia kupitia kioo, sauti nene, nyimbo za shule ya Jumapili, akizikata katikati trekta ilipoanza kurudi nyuma na kile king'ora chake kidogo kulia pii, pii, pii. Kikinyamaza, anaendelea pale pale alipoachia.

Na hakujua kununua. Hili liliniuma kuliko yote. Angetajiwa bei ya kwanza akaitoa, tena akamshukuru muuzaji. Nilimwambia, mzee, bei ya kwanza ni salamu tu, inaitikiwa, hailipwi. Akasema mwenye duka naye ana watoto. Nikasema wale watoto sasa wanasoma kwa ada yako.

Basi, nirudi kwenye mikono, maana mambo yote yalitoka hapo.

Msimamizi wetu alikuwa na kipimo chake. Mtu yeyote wa kuingia kwenye baridi kufanya kazi, na akitoka pia, alisimama mbele yake na kufunga zipu ya jaketi lake mwenyewe, kwa vidole vitupu. Aliyeshindwa hakuingia siku hiyo. Aliyeshindwa tena aliondolewa. Kilikuwa kipimo kizuri, siwezi kukisema vibaya: vidole visivyoweza kushika zipu haviwezi kushika breki. Ubaya wake ni kwamba vidole vya Dereva vilikuwa vimeanza kufa.

Niliviona mimi kabla ya mtu mwingine. Ncha zilikuwa na rangi ya nta. Alipokea glavu kama mtu anayepokea kitu kutoka mbali. Siku moja aligeuka akaelekea ukutani ili afunge zipu, nikasikia chuma kikigonga chuma bila kuingia, tena na tena, na pumzi yake ikipanda. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Nyumbani alikuwa anamalizia nyumba, yenye madirisha mengi kuliko kuta, kwa picha alizonionyesha.

Kuanzia siku ile jaketi lake nililitoa stoo likiwa limeshaunganishwa zipu chini, na kwenye kishikizo nimefunga kitanzi cha kamba ambacho hata ngumi ingekivuta. Alilivaa kwa kichwa kama sweta, akasimama mbele ya msimamizi, akaingiza kidole kwenye kitanzi, akavuta. Hakunishukuru. Alianza tu kuniletea ndizi.

Lakini kitanzi hakipashi mtu moto. Ikabidi tuivalishe trekta.

Tulikwenda Industrial Area Ijumaa baada ya ibada, mimi na yeye, kwa ruhusa ya msimamizi ambaye alisema tufanye tunavyotaka ilimradi asiletewe bili ya kumshtua. Nikamwambia Dereva: leo wewe ni bubu. Ukisikia bei, kohoa.

Kwenye yadi ya magari mabovu tulipata kiti cha gari kubwa, cha ngozi, kimechanika ubavuni. Mwenye yadi, mzee wa Kipathani mwenye ndevu nyekundu za hina, akataja bei ya gari zima.

"Sadiki, rafiki yangu," nikamwambia, "nataka kukalia, sitaki kukioa."

"Sister, hii original. Mafi mushkila, hakuna shida."

"Mushkila ni huu mpasuko. Anakaa nani hapa, mtu au nusu mtu?"

Dereva akakohoa. Nikageuka kumpa jicho, maana bei ilikuwa haijashuka bado, nikaona anatabasamu. Ndiyo mara pekee niliyomwona akitabasamu mchana.

Tuliondoka na kiti, wipa ya mkono, taa mbili za mbele, mabamba ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, na mipira ya milango ya friji mbovu, ile yenye sumaku ndani. Nilijivunia mipira ile. Mlango wa friji umetengenezwa kuzuia baridi isitoke. Nilisema utashindwaje kuizuia isiingie? Fundi wa kuchomelea akaunda fremu, tukafunga plastiki, tukazungushia mpira mlangoni. Ukiufunga unasikia pwap, kama busu la shangazi. Tulivika usukani ngozi ya kondoo na magurudumu minyororo ya geti. Trekta ilipomalizika ilifanana na kibanda cha M-Pesa kilichojifunza kutembea.

Kitu kimoja tuligombania. Dereva alitaka tundu nyuma ya kiti, kwenye plastiki, upana wa kiganja.

"Mzee, nimenunua mpira wa friji kwa jasho langu. Sasa unatoboa?"

"Toboa."

"Baridi itaingia."

"Ndiyo itaingia. Toboa, dada."

Fundi akatoboa. Nilidhani ni ujeuri wa uzee.

Hita ya umeme ndiyo iliyotushinda. Ukiiwasha, betri inakata roho kabla mteremko haujafikiwa, na trekta inabaki katikati ya theluji kama punda aliyegoma. Betri kubwa zaidi msimamizi aliikataa. Kwa hiyo kibanda kilizuia upepo wa mashine tu, na vidole viliendelea kufa, polepole kidogo kuliko mwanzo. Baridi haina haraka.

Baada ya wiki kadhaa nikaona jambo. Dereva alitoka kazini asubuhi akafunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Mara akavua saa. Mara akaniletea ndizi akaimenya mbele yangu, kwa madaha, kama mtu anayekuna gitaa. Nilifurahi. Nilinusa pia, kwenye jaketi lake, harufu ya udi. Nikasema moyoni, haya, mzee amepata mtu.

Kumbe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na chetezo. Kile kidogo cha udongo cha kufukizia udi, kinauzwa kila duka hapa, na ndani yake vipande vya mkaa wa shisha. Alikiweka kati ya miguu, akaweka na chembe ya udi juu ili mlinzi wa mlangoni adhani ni manukato. Yeye, mtu wa dirisha. Yeye aliyewanyima watu wazima usingizi kwa sababu ya jiko ambalo halikuwepo. Nimeligeuza hilo kichwani mara nyingi na sidhani alijisahau. Alijua mkaa unavyoua, tena kwa majina ya waliokufa, ndiyo sababu alitaka lile tundu tangu mwanzo. Alihesabu kwamba tundu linatosha. Na lingetosha, kama trekta ingekuwa imeegeshwa Kinangop, ambako hakuna kitu kinachoruka hewani kikaziba dirisha.

Siku ile nilikuwa nimebaki nahesabu glavu, zamu ya usiku, kwa ajili ya kundi la shule litakalokuja asubuhi. Mashine za theluji zilikuwa zinatema kwa nguvu. Nilimsikia Dereva akiimba, kisha king'ora kikaanza, pii, pii, pii, naye akanyamaza kama kawaida. Nikaendelea na glavu. Nilifika mwisho wa sanduku, nikaanza hesabu ya pili.

King'ora kilikuwa bado kinalia.

Niliinua macho. Taa za trekta zilikuwa zimeelekea upande wangu, zimetulia. Trekta ilikuwa imerudi nyuma ikauegemea ukuta, na magurudumu yanajizungusha pale pale, minyororo inachimba. Nilisubiri aisogeze mbele. Nilisubiri kiasi cha mtu kujiambia anatafuta kitu sakafuni. Kisha nikaona, kupitia plastiki ya mbele, mgongo wote wa kibanda ni mweupe. Theluji ya mashine ilikuwa imekipiga kwa nyuma mpaka plastiki haionekani, wala tundu.

Niliingia na kandambili. Nilianguka, nikainuka, nikaanguka. Nilifika mlangoni nikavuta, haukufunguka. Unyevu wa pumzi yake ulikuwa umegandisha ule mpira kwenye fremu. Mpira wangu. Niliupiga teke, nikaupiga kwa kiwiko, nikaona kichwa chake kimelala juu ya ngozi ya kondoo, uso umetulia kabisa, uso wa mtu aliyebembelezwa.

"Mzee! Mzee, amka! Mzee wa Kinangop!"

Nikashika kishikio kwa mikono miwili, nikaweka mguu ukutani mwa kibanda, nikavuta kwa uzito wangu wote, ambao namshukuru Mungu si mdogo. Pwap. Wimbi la joto tamu lenye udi likanipiga usoni. Nilimshika kola nikamwangusha chini kwenye theluji, nikazima trekta, nikachukua chetezo nikakirusha mbali. Kilizama kwa mlio wa nyama kwenye kikaango, kikaacha shimo jeusi.

Nilimpiga makofi, nikampaka theluji usoni, ule uchafu wake. Midomo ilikuwa na rangi nisiyoipenda. Nilikuwa nahesabu pumzi zake, na kwa mara ya kwanza maishani sikuthubutu kurudia hesabu.

Alikohoa. Akatapika. Akafungua jicho moja, akatazama kibanda.

"Umeacha mlango wazi," akasema. "Baridi inaingia."

Nililia na kumtukana kwa lugha mbili. Mlinzi akaja, tukamtoa nje kwenye joto la maegesho, akakaa ukingoni mwa njia akivuta hewa kama mtu anayekunywa uji. Nikasema tumwite daktari. Akasema bado. Nikasema mzee, nitaita. Akanishika mkono, kwa vidole vilivyokuwa na joto bado.

"Ukiita daktari, msimamizi atajua. Nikilala saa moja nitakuwa sawa. Asubuhi nitafunga zipu. Ile kamba yako iko?"

"Iko."

"Basi."

Nilijua ninaombwa nini. Nyumba ya madirisha mengi ilikuwa mkononi mwangu, imefungwa kwa kitanzi cha kamba. Nikamwambia mlinzi asimame naye, nami nikaenda kuchota mkaa kwenye theluji. Niliupata wote, pamoja na chetezo, nikalifunika shimo kwa theluji mpya.

Mganda alifika alfajiri kushika zamu, kwa kuwa siku iliyokuwa inaanza ilikuwa ya mapumziko ya Dereva. Alitukuta mlangoni. Hakuona chochote, kwa sababu hatukuwa tumeacha chochote cha kuonekana. Akavua viatu akivuta miayo, akasema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeulizia chumvi:

"Mzee, kile chetezo umekiacha ndani? Na mimi mkaa ninao leo."

Dereva alimtazama. Kisha akanitazama mimi.

"Nani alikwambia?" akamwuliza.

"Si nilikuona? Vidole vyako vimepona. Na vyangu mimi si vidole? Ila mimi lile tundu naliziba na tambara. Linanipiga mgongoni."

Msimamizi akatokea na kikombe chake cha kahawa, akatusalimu, akampa Dereva ishara ya kawaida: haya, zipu, ili aonekane yuko sawa kabla hajaenda kupumzika. Nikatoa jaketi, limeunganishwa, lina kitanzi. Dereva alilipokea. Alikishika kitanzi, akakizungusha kwenye kidole, akakikata kwa meno. Akaifungua zipu yote hadi chini, akavaa jaketi likiwa wazi, akasimama mbele ya msimamizi, akajaribu.

Chuma kiligonga chuma. Kikagonga tena. Joto la chetezo lilikuwa limeisha vidoleni. Alijaribu kwa subira, bila kugeukia ukuta, mpaka msimamizi akaweka kikombe chini.

"Siwezi, bosi," Dereva akasema. "Sijaweza muda mrefu. Nilikuwa naweka moto ndani ya trekta. Leo moto huo umetaka kuniua. Huyu kijana asiingie mpaka mlango utolewe."

Msimamizi alipiga kelele, na haki ya kupiga kelele alikuwa nayo. Mimi nilipata barua ya onyo, nikaisoma mara mbili. Dereva alipelekwa hospitali, kisha akahamishiwa nje, kuongoza magari na kufagia mchanga kwenye maegesho, kwa malipo pungufu. Kabla ya kuondoka aliomba bisibisi. Aliung'oa ule mlango mwenyewe, akachukua muda mrefu kwa vidole vile, hakutaka kusaidiwa, akauleta kaunta na kuusimamisha mbele yangu.

"Uhesabu," akasema.

Betri kubwa ilinunuliwa mwezi uleule. Hita ikawekwa, tundu likafungwa bomba lenye kofia lisiloingiza theluji, na mlango ukarudishwa. Mganda hufanya kazi kwa fulana sasa, na hudai trekta ni yake.

Dereva nilimwona mara ya mwisho jioni moja ya mwishomwisho wa mkataba wake. Wageni walikuwa wamepanga foleni. Niliinua macho kumwuliza anayefuata saizi ya buti, nikamkuta ni yeye, amevaa suti ya kanisani, tiketi mkononi. Alikuwa ameinunua dirishani kama watu, na kwa bei kamili. Ningempatia ya wafanyakazi, na nilimwambia hivyo, nikaongeza maneno mengine.

"Mwenye ukumbi naye ana watoto," akasema.

"Na nyumba yako je?"

"Vioo bado. Madirisha yako wazi."

"Ndege ni lini?"

"Kesho. Nimekuja kuukanyaga huu uchafu siku moja bila kuusukuma."

Nilimletea jaketi. Nilichagua zuri, lile ninalowafichia watoto wa wakubwa. Alivaa, akaniangalia. Nyuma yake foleni ilikuwa inanung'unika, na msimamizi alikuwa amesimama palepale kwenye nguzo yake na kahawa. Nilitazama ukutani ili Dereva asione kuwa ninatazama mikono yake.

Hakugeuka. Alisogea karibu na kaunta, akaishusha mikono yote miwili ubavuni, akainua kidevu kama mtoto anayevishwa kwenda shule.

"Funga, dada," akasema. "Lakini usifike juu."

Nilifunga. Niliacha nafasi ya kiganja.